Jinsi ya kukusanya na kutunza karatasi za zamani

Karibuni tena. Leo kamera nimeiinamisha mezani ili mwone ninachoshika. Hii ni tiketi ya zamani ya gari moshi: kadi nene, urefu wake sentimita 6 hivi. Nikiielekeza kwenye mwanga, hapo ukingoni, mnaona tarehe? Imepigwa kwa mashine hadi kadi ikabonyea.

Anzeni nyumbani. Mwombe nyanya ruhusa, mfungue sanduku lake la bati pamoja, umsikilize. Ukipata barua yenye stempu ya Kenya, Uganda na Tanganyika, tafadhali usiibandue. Bahasha nzima ina mhuri wa posta unaosema barua ilitoka wapi na lini. Ukiibandua stempu, habari hiyo imekwenda.

Kisha shuka mjini kwa wauzaji wa vitabu kuukuu, wale wanaotandaza vitabu kando ya njia mpaka uiname kuchagua. Fungua kitabu polepole. Wasomaji wa zamani waliweka alama kwa chochote kilichokuwa mkononi: tiketi ya basi, risiti, kadi ya harusi.

Sasa kusafisha. Nawa mikono, ikauke kabisa. Vumbi litoe kwa brashi laini, ukitoka katikati kwenda ukingoni. Pini ya stepla yenye kutu usiivute: pitisha kipande cha plastiki chini ya miguu yake, inyooshe taratibu, ndipo uitoe. Hivi. Palipochanika usitie selotepu, maana gundi yake hugeuka kahawia na kupenya karatasi.

Na hapa nawasihi: msipige karatasi ya zamani plastiki ya moto, ile ya kuhifadhia vyeti. Mimi niliipeleka tiketi ya marehemu baba dukani nikidhani naiokoa. Plastiki imeshikana nayo, na kule kubonyea kwa tarehe kumelainika. Nikipapasa kwa kidole sisikii kitu. Tumieni mfuko wa plastiki ya poliesta ulio wazi upande mmoja. Ule wa PVC unaonuka plastiki, hapana.

Magazeti yaweke peke yake. Karatasi yake ina lignini nyingi, ile inayoupa mti ugumu, huwa njano na kutoa asidi inayochafua barua iliyolala juu yake. Sanduku lisikae sakafuni wala lisiguse ukuta wa nje, hasa mvua ya masika inapoanza Machi.

Ukitaka kuona mkusanyaji aliyejitoa, nenda Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi, utazame mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Kenya.

Mwisho, chukua penseli. Andika juu ya bahasha ya kuhifadhia, kabla hujaitia karatasi: nani alikupa, wapi, alisema nini. Na risiti za siku hizi za supamaketi, zipigeni nakala leo hii. Hazina wino, ni karatasi yenyewe iliyogeuka rangi kwa joto, na maandishi yake hufifia.