Kaa Hajafa, Ila Anachagua Vibaya

Wengi mmeshanisikia nikisema hili, na leo nalisema tena. Ikitajwa plastiki baharini kila mtu anataka picha ya kasa aliyekufa na mfuko kooni. Sawa, ila hizi chembe za chini ya milimita 5 mnyama anazimeza na anaendelea na safari zake, hafi, na balaa liko hapo hapo, yuko hai lakini akili ya kujitafutia maisha imevurugika.

Chukua wale kaa wanaoishi kwenye magamba ya konokono. Tumbo lake ni laini, halina kinga, kwa hiyo akikua lazima ahamie gamba kubwa zaidi, akizembea analiwa. Na ni mchaguzi kweli kweli! Akikuta gamba analishika, analipapasa nje, anaingiza gando ndani kupima nafasi, akiridhika anachomoka chap anahamia. Sasa mwaka 2020 watafiti wa Queen's University Belfast waliwaweka kaa 29 kwenye maji yenye punje za polietilini, aina ya plastiki, siku 5, na wengine 35 kwenye maji yasiyo na plastiki, halafu wote wakavalishwa gamba bovu na pembeni wakawekewa zuri. Wa maji bila plastiki walihama 21. Wa plastiki? 9 tu, na wengi hata kuligusa hawakuligusa, nyumba nzuri iko mlango wazi na mtu kang'ang'ania kibanda kinachovuja.

Najua kuna anayesema tanki sio bahari. Ndio, sio bahari, lakini makundi yote yalikuwa tankini jamani, kilichotofautiana ni plastiki! Mwingine atanitajia utafiti kutoka Sweden uliodai samaki wachanga wanapendelea kula plastiki, uliotoka kwenye jarida la Science 2016 ukafutwa 2017. Ulistahili kufutwa, mimi siutumii, na nyie acheni kuusambaza. Ila mmoja kuharibika haumfuti huyu kaa.

Mfano wa pili ni kasa duvi, yule kasa mwenye kichwa kikubwa, haraka maana naoneshwa saa. Plastiki ikikaa baharini inaota mwani na vijidudu, inaanza kunukia kama chakula. Marekani, 2020 hiyo hiyo, watafiti waliwanusisha kasa duvi plastiki ya namna hiyo, wakawa wanatoa pua juu ya maji muda mrefu kama kwa harufu ya chakula, plastiki safi hawakuijali. Kwa hiyo habari kwamba kasa anafananisha mfuko na yavuyavu ni nusu tu, pua nayo inamvuta.

Nilitaka kuwaeleza na minyoo ya matopeni, ila basi tena, muda umeisha. Maswali?