Kumuuliza Usiyemjua

Ndugu zangu, nashukuru kwa kunialika. Leo nataka tuzungumzie jambo tunalolifanya kila siku: kumuuliza mtu tusiyemjua. Unamuuliza abiria mliyekaa naye kwenye basi, mteja mwenzako duka la pembejeo, au mtaalamu aliyepita kijijini siku moja tu. Swali langu ni hili: jibu lake utalishikaje, na wewe humjui?

Tumtazame Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu, Sekondari ya Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye friza. Siku hiyo nafasi ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja akaweka ya kwake bila kuyachemsha. Mpemba, akihofia kukosa nafasi, akayaweka yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu, maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa mazito tu, hayajashika.

Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganya mambo. Baadaye, mjini Tanga, rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu akamwambia kwamba yeye huweka ya moto makusudi, ili igande haraka. Angalieni hapo. Muuza aiskrimu alilijua jambo kwa mikono yake.

Mpemba alipokuwa shule ya sekondari ya Mkwawa, Iringa, akafika mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia. Mpemba akasimama, akauliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji sawa, kimoja kikiwa na nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, cha nyuzi 100 hutangulia kuganda. Kwa nini? Wenzake wakacheka. Osborne mwenyewe aliandika baadaye kwamba alidhani kijana amekosea. Lakini alimuuliza kama amejaribu kweli, akaahidi kwenda kujaribu, na jaribio likafanyika. Mwaka 1969 majibu yakachapishwa kwa majina yao wote wawili katika jarida la *Physics Education*. Wanasayansi wanabishana hadi leo. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha. Mimi naona ubishi huo unalipa heshima swali lile. Vyombo vimetajwa, kiasi kimetajwa, nyuzi zimetajwa. Mtu wa Ulaya ambaye hajawahi kumwona Mpemba anaweza kupima. Mpemba angeuliza tu "mbona maji ya moto huganda upesi?", mgeni angeishia kutabasamu na kupanda gari lake.

Basi, na upande wa jibu vilevile. Mahindi yameanikwa, unataka kujua kama yamekauka kiasi cha kutia kwenye magunia. Mmoja atayang'ata na kukwambia, "Haya tayari." Huna la kufanya ila kumwamini. Mwingine atakwambia hivi: chukua chupa ya kioo iliyokauka, yenye kifuniko. Tia mahindi hadi theluthi moja, tia na chumvi iliyokauka vizuri, kiasi cha vijiko viwili vitatu. Funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Rudisha mahindi juani. Isiponata, unyevu uko chini ya hapo.

Huyu wa pili hata simjui jina, lakini jibu lake nalipenda sana, kwa sababu akishaondoka simhitaji tena. Na si jambo dogo. Mahindi yasiyokauka vizuri huota kuvu ghalani, na kuvu huacha sumukuvu, ambayo huwezi kutegemea macho kuiona wala moto wa jikoni kuiondoa. Mwaka 2004 watu zaidi ya 100 walikufa kwa sumu hiyo mashariki mwa Kenya. Mwaka 2016 ikaua tena hapa kwetu, Dodoma na Manyara.

Lakini yapo mambo ambayo hayajaribiwi. Mtu akikushauri uchanganye dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini na dawa ya choo yenye asidi ili choo kitakate, usijaribu uone: hapo inatoka gesi ya klorini, inachoma mapafu. Kipimo cha dawa ya mtoto, nyaya za umeme, jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, vyote hivyo ni vivyo hivyo. Hapo usimuulize mpita njia kama kitu kinafanya kazi. Muulize: kikikosea, nini kitatokea? Akishindwa kujibu hilo, mshukuru kwa adabu, nenda kwa mfamasia, nenda kwa fundi umeme mwenye leseni. Na wewe ukiulizwa jambo la namna hiyo na mtu usiyemjua, mwambie "sijui" waziwazi, halafu mwelekeze mlango wa kwenda kubisha.