Mpira, karatasi ya njugu na ganda la kirusi

Wazee wetu, mama zangu, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mliojibana huko nyuma, hamjambo. Asanteni kwa kuja, hasa na mvua hii iliyotushukia kutoka ziwani bila kubisha hodi. Wa nyuma mkiacha kunisikia, inueni mkono nipaze sauti.

Leo nataka tulitazame ganda la kirusi cha HIV, nami nimekuja na vitu viwili. Hiki cha kwanza ni mpira wa ngozi. Nimeununua kwa fundi wa viatu karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu, na ameushona mwenyewe kwa uzi na sindano. Cha pili ni karatasi hii iliyokunjwa, ya njugu za barabarani. Shikeni kwanza mpira, mpitishiane.

Mwanangu wewe wa sweta la kijani, simama utuhesabie vipande vyeusi. Kumi na viwili, ahsante. Kila cheusi kina pande tano, ni pembetano. Vyeupe ni ishirini na kila kimoja ni pembesita. Nilimuuliza fundi kwa nini asishone vyeupe peke yake, maana vingemrahisishia kazi. Akanijibu, "Mwalimu, nikishona vyeupe tupu nitapata mkeka." Fundi hajasoma hisabati ya chuo kikuu, lakini ndivyo ilivyo. Pembesita zikiungana hulala bapa. Kila unapotia pembetano, ngozi inalazimika kujikunja. Leonhard Euler, mwanahisabati wa karne ya 18, alituachia kanuni inayotuonyesha kwamba umbo la namna hii haliwezi kujifunga bila pembetano 12. Si 11, si 13. Shona mpira mkubwa kama ukumbi huu, vyeupe viwe mamia kwa mamia, vyeusi vitabaki 12.

Sasa, ukivitawanya vile vyeusi 12 kwa usawa, unapata kitu cha mviringo. Ukivirundika saba upande mmoja na vitano upande wa pili, umbo linarefuka, linakuwa pana huku na jembamba kule. Yaani linakuwa kama hii karatasi ya njugu. Na hilo, ndugu zangu, ndilo umbo la ganda lililo ndani ya kirusi cha HIV. Mwaka 1999, Wesley Sundquist na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walieleza kwamba ganda hilo limejengwa kwa kanuni hiihii, pembesita nyingi na pembetano 12, saba upande mpana na tano upande mwembamba.

Ganda hilo kitaalamu huitwa kapsidi. Urefu wake ni kama nanomita 120. Ukiyapanga maganda hayo kichwa kwa mkia, yatakuwa elfu nane na ushee kabla hayajajaza milimita moja ya rula yako. Kila ganda limeundwa kwa nakala kama 1,500 za protini moja tu, ileile, inayojirudia. Watu wa maabara tunaiita p24, kwa sababu ya uzito wake. Kwa hiyo tofali ni la aina moja, fundi hayupo, wala mchoro haupo. Matofali yanajipanga yenyewe.

Yanajipangaje? Tofali moja ni mnyororo wa asidi amino 231, yaani vijenzi vya protini, uliojikunja ukawa na sehemu mbili, na katikati yake kiungo kifupi kinachopindika. Fikirieni watu sita walioketi duara, bega kwa bega, wakiangalia ndani. Hiyo ni sehemu ya kwanza ya kila protini. Halafu kila mmoja ananyosha mkono nyuma yake na kushika mkono wa mtu wa duara jirani. Hiyo ni sehemu ya pili. Kile kiungo kinachopindika kinasaidia maduara yalale bapa hapa na yajikunje pale, ndiyo maana tofali lilelile linajenga mahali palipo bapa na mahali palipokunjika. Katikati ya kila duara pana tundu dogo, na ndani yake huketi molekuli iitwayo IP6 ambayo inakaza duara lisilegee. Ajabu ni kwamba IP6 si mali ya kirusi. Ni ya seli zetu wenyewe. Imejaa hata kwenye maharagwe na mahindi. Kirusi kinaingia nyumbani kwetu na kutumia misumari yetu kukaza mlango wake.

Niruhusuni nitoke kidogo kwenye mada. Nilipokuwa mtoto, miaka ya tisini, huku kwetu mazishi yalikuwa karibu kila Jumamosi. Mjomba wangu mdogo, aliyenifundisha kuendesha baiskeli, alikonda hadi saa ikawa inamteleza mkononi. Wazee wakasema ni chira, kwamba kuna mwiko ulivunjwa bomani. Siwalaumu. Kilichokuwa kikimmaliza hakionekani kwa jicho, na mtu akikosa kukiona kitu hukipa jina analolijua. Mimi nilikuja kukiona baadaye sana, kwenye picha ya darubini ya elektroni, kijidoa cheusi chenye umbo la pia katikati ya kiduara. Nilikitazama muda mrefu. Nilikuwa nimetarajia kitu kibaya cha kutisha, nikakuta kitu kilichojengwa kwa mpangilio mzuri mno. Tangu siku hiyo sijaacha kukisoma.

Turudi. Kwa miaka mingi tulifundisha, nami nilifundisha hivyo, kwamba ganda ni kifurushi tu. Kirusi kikishaingia kwenye seli, ganda linapasuka upesi, na jeni zinaendelea na safari peke yake hadi kwenye kiini. Kitu kimoja kilichotushawishi ni tundu za kiini cha seli, ambazo tulidhani ni finyu kupita kiasi. Kazi ya miaka ya 2020 na 2021 ilibadilisha somo hilo. Watafiti waliona maganda mazima yakipenya kwenye tundu hizo, upande mwembamba ukitangulia, na tundu zenyewe zikaonekana kuwa pana kuliko tulivyodhani. Jeni za kirusi zinaandikwa upya kuwa DNA humohumo ndani ya ganda, mbali na walinzi wa seli. Malighafi inaingia kupitia vile vitundu vya katikati ya maduara. Kwa hiyo ganda si karatasi ya njugu unayoitupa ukishafika. Ni karakana inayotembea.

Walinzi hao ni akina nani? Hapa nitawapeleka Dunga kwa wavuvi. Kila mvuvi anajua kwamba macho ya wavu ndiyo yanayoamua samaki atakayenaswa. Ndani ya seli za nyani na za binadamu kuna protini iitwayo TRIM5. Iligunduliwa mwaka 2004 katika maabara ya Joseph Sodroski huko Boston, walipokuwa wakichunguza kwa nini HIV haiwezi kushika katika seli za kima wa rhesus wa Asia. TRIM5 inajifuma yenyewe kuwa wavu juu ya ganda, na macho ya wavu huo ni ya pembe sita, yanayolingana na pembesita za ganda. Wavu ukikaa sawasawa, ganda halifiki popote. TRIM5 ya kima wa rhesus inaikamata HIV vizuri. Yetu inaikamata kwa unyonge. Na ukibadilisha asidi amino moja tu katika TRIM5 ya binadamu, mahali pamoja mahususi, inaanza kuikamata. Moja! Kila nikifika hapa namkumbuka mjomba.

Tumbili mnaowaona pale kwenye hifadhi ya wanyama ya Impala wana jamaa wa HIV wanaoishi nao tangu zamani, na kwa kawaida hawawaugui. Kati ya virusi na wanyama kuna mashindano ya miaka mamilioni, ganda likibadilika ili kuponyoka wavu na wavu ukibadilika ili kulinasa tena. Mabadiliko hayo yako juu ya uso wa ganda. Kiunzi cha ndani kimebaki. Katika jenomu ya sungura, yaani jumla ya jeni zake, kuna mabaki ya jamaa mmoja wa HIV, aitwaye RELIK, aliyejipachika humo si chini ya miaka milioni 12 iliyopita. Mwaka 2010 watafiti walilichunguza umbo la protini ya ganda lake, wakakuta limejikunja kama la HIV ya leo, na bado linaishika protini ileile ya seli ambayo HIV huishika. Nenda mbali zaidi, kwa kirusi cha saratani ya kuku ambacho Peyton Rous alikiripoti mwaka 1911. Ganda lake halina umbo la pia, na asidi amino nyingi za protini yake hazifanani na za HIV. Lakini kunja mnyororo wake, utakuta sehemu mbili na kiungo katikati, na kipande cha asidi amino kama 20 ambacho retrovirusi, yaani ukoo wa virusi wenye HIV na hiki cha kuku, karibu zote zimekitunza.

Sasa niwape jambo lililoninyima usingizi mwaka 2018. Katika ubongo wenu kuna protini iitwayo Arc. Panya asiye nayo anajifunza kitu lakini hakiweki, kesho amesahau. Mwaka huo makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba Arc hujijenga kuwa maganda madogo, hubeba RNA, yaani nakala ya maagizo ya jeni, ndani yake na kuipeleka kutoka seli hadi seli. Asili yake ni jeni inayorukaruka, ya ukoo uleule na retrovirusi, iliyoingia kwa mababu wa wanyama wenye miguu minne na ikafugwa. Kwa hiyo mkilikumbuka neno lolote la leo wiki ijayo, protini ya ukoo huu itakuwa imeshiriki.

Na kwa kuwa kiunzi hakibadiliki ovyo, tumepata pa kukishika. Kati ya tofali na tofali kuna kijishimo ambacho kirusi hukihitaji ili kishikane na protini za seli njiani kwenda kwenye kiini. Dawa ya lenacapavir inaketi hapo. Ganda linakakamaa kupita kiasi na kuvunjika, na maganda mapya yanajengwa kombo. Inadungwa chini ya ngozi ya tumbo mara mbili kwa mwaka. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya jaribio la Afrika Kusini na Uganda, hapa ng'ambo ya ziwa. Katika wasichana na wanawake 2,134 waliopewa sindano hiyo kama kinga, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Hata mmoja. Julai 2025 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza.

Naona mkono. Binti anauliza, je, kirusi hakiwezi kubadilisha hicho kijishimo? Kinaweza, na kuna mabadiliko yanayojulikana. Lakini kijishimo hicho kinahitajiwa na kirusi chenyewe, na yale mabadiliko yanayoifungia dawa nje kabisa humfanya kirusi awe mnyonge. Hatari kubwa ni mtu ambaye tayari ana virusi na hajui, akadungwa hiyo peke yake kama kinga. Hapo kirusi kinapata muda wa kujaribu funguo. Ndiyo maana kwanza unapimwa, na unapimwa tena kabla ya kila sindano.

Wanafunzi, karatasi za maswali ziko mezani kwa mwalimu mkuu. Mpira nausubiri, bado uko huko nyuma.