Noti za Mzee

ZAINA: Karibuni tena. Leo tuliahidi habari ya kuachana na yaliyopita, na Wandera kaja na mambo yake matano kwenye karatasi. Lakini kwanza, Busia kulikuwaje?

WANDERA: Banange! Mama anataka kupangisha chumba cha nyuma. Navuta sanduku la bati uvunguni, chini ya vitambaa nakuta bunda limefungwa kwa uzi wa cherehani. Shilingi 48,000. Noti za zamani za Uganda, zile zilizofutwa Mei 1987.

ZAINA: Si watu walibadilishiwa?

WANDERA: Mia ya zamani kwa moja mpya, halafu serikali inakata asilimia 30. Mzee akagoma. Kashona sare za shule miaka, anatafuta cherehani ya pili, leo akatwe? Akasema watajirudi tu. Muda ukapita.

ZAINA: Angepata ngapi?

WANDERA: 480. Toa 144. 336.

ZAINA: Siyo hivyo, unakata kwanza ndipo ugawanye! 48,000 toa 14,400...

WANDERA: 33,600. Haya, gawanya kwa mia.

ZAINA: ...336. (Anacheka.) Nyamaza wewe.

WANDERA: Mwalimu wako wa hesabu anasikiliza! Na dola 1 waliiweka shilingi 60. Kwa hiyo dola 5 na senti 60.

ZAINA: Ngoja. Yaani kwa hasira ya 144, Mzee akapoteza 336?

WANDERA: Usimseme hivyo.

ZAINA: Simtukani, Mungu amrehemu. Lakini wewe mwenyewe umewahi kusema hapa, mkiomba daftari mnahadithiwa 1987. Choma, Wandera. Mama apate chumba chake.

WANDERA: Chumba hakijai kwa bunda moja. Ni rahisi kusema choma kama hukukatwa wewe.

ZAINA: Wewe ulikatwa? Hata kuzaliwa ulikuwa hujazaliwa!

WANDERA: Nimekula ugali wa cherehani moja. Nikichoma, nani atajua alionewa?

ZAINA: Alionewa, sawa. Ila sanduku alilifunga mwenyewe.

WANDERA: Hapo hatukubaliani.

ZAINA: Hatukubaliani.

(Kimya. Boda inapita nje.)

WANDERA: Asilimia 30 lakini, dada Zaina.

ZAINA: 336, Wandera.

WANDERA: Ungekuwa wewe na vitenge vya marehemu shangazi...

ZAINA: Vitenge nilivigawa. Kimoja nilibaki nacho. Kimoja!

WANDERA: Asilimia ngapi hiyo?

ZAINA: Fundi mitambo anatuonyesha dakika mbili. Soma basi hilo jambo la kwanza.

WANDERA: La kwanza... (karatasi inakunjwa) hapana, mwandiko wangu mbaya. Wiki ijayo.

ZAINA: Wiki iliyopita pia ulisema wiki ijayo. Bunda liko wapi sasa?

WANDERA: Kwenye begi hapa.

ZAINA: Umelibeba kutoka Busia mpaka Kampala!

WANDERA: Lilikaa mapajani, konda asilione akadai nauli yake.

ZAINA: Na nauli ya boda ya kurudi nyumbani unayo?

WANDERA: Nina 48,000.