Intafesi ya Jostiki kwa ZX Spectrum 48K: Chipu Mbili Tu

Habari zenu wadau. Leo mezani tuna ZX Spectrum 48K, kompyuta ya nyumbani iliyotoka Uingereza mwaka 1982, na tunaitengenezea intafesi ya jostiki ya mtindo wa Kempston, ambao gemu nyingi zinautambua. Feni nimeizima, inapoza ncha ya pasi ya kulehemu. Jasho mtanisamehe, ndiyo Dar hii.

Vifaa: chipu 74HCT240 (mlango wa laini nane, unaogeuza 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0) na 74HCT32, rezista tano za kiloomu 10, kapasita mbili za nanofaradi 100, tundu la jostiki la pini 9, kipande cha veroboadi (bodi ya matundu yenye mistari ya shaba). Iwe HCT. Muuzaji akikwambia HC ni kitu kilekile, mshukuru uende duka la pili. HC inataka kama volti 3.5 ndipo ihesabu 1, na laini za mashine hii si lazima zifike huko.

Konekta ya kuchomeka nyuma ya Spectrum. Ukiikosa mpya ya safu 28, tafuta madabodi mbovu za zamani kwa mafundi wa Kariakoo. Ile sloti ndefu ya ISA ya biti 8 ina safu 31, na nafasi kati ya pini ni ileile, milimita 2.54. Ing'oe, kata kwa msumeno wa chuma. Usikate mpakani mwa safu ya 28, plastiki itapasuka. Kata katikati ya ile ya 29, kisha malizia kwa tupa.

Sasa tulieni. Safu ya 5. Bodi ya Spectrum ina pengo hapo, na konekta yako lazima iwe na kizuizi hapohapo. Ng'oa pini za safu ya 5, ya juu na ya chini, simamisha kipande cha kadi ya benki iliyoisha muda, gundisha kwa supaglu. Tone dogo. Ikitiririka hadi safu ya 4 au ya 6, pini zitaganda.

Ngoja, kamera inaangalia kidole changu. Haya... mnaona? Kizuizi kimesimama wima, hakichezi.

Narudia: safu ya 5, tena kwa kuangalia pengo lenyewe kwenye mashine, siyo kwa kukisia. Upande wa chini, safu ya 3 ina volti 5 na ya 4 ina volti 9. Konekta ikiteleza safu moja tu, volti 9 zinaingia kwenye chipu ambazo mwisho wake ni 7. Na memori za 4116 ndani ya mashine zinahitaji +12, +5 na -5 kwa pamoja. Shoti ikiondoa ile -5, memori nazo zinaungua.

Anwani. Gemu husoma jostiki ya Kempston kwenye port 31. Kwa biti ni 00011111, kwa hiyo laini za anwani A5, A6 na A7 ziwe 0, pamoja na IORQ na RD, laini ambazo prosesa huzishusha ikisoma port. 74HCT32 ina geti nne za OR, kila moja hutoa 0 pale tu maingizo yake yote mawili ni 0: A5 na A6 kwenye ya kwanza, A7 na IORQ kwenye ya pili, majibu yao kwenye ya tatu, kisha jibu hilo na RD kwenye ya nne. Linalotoka linakwenda pini 1 na 19 za 240, zinazoifungua zikipata 0. Wengi wanapima A5 peke yake na gemu zinacheza, hadi siku wanapochomeka maus ya Kempston, ambayo nayo anwani zake zina A5 ikiwa 0. Geti zote nne umeshazilipia, zitumie. Laini ya M1 ya prosesa iache, haihitajiki: prosesa ikikubali kukatizwa, IORQ inashuka lakini RD inabaki juu.

Jostiki: pini 4 ni kulia, iende D0, ya kwanza kati ya laini nane za data (D0 hadi D7). Pini 3 kushoto, D1. Pini 2 chini, D2. Pini 1 juu, D3. Pini 6 kufyatua, D4. Pini 8 graundi. Zote zinapita kwenye 240, na kila ingizo lina rezista yake kwenda volti 5. Ingizo tatu zilizobaki zifunge kwenye volti 5 na matokeo yake yapeleke D5, D6 na D7, la sivyo utasoma takataka. Kapasita moja kwa kila chipu, karibu kabisa na miguu ya umeme. Lehemu.

Kabla ya kuchomeka, mita kati ya volti 5 na graundi. Ikilia, tafuta shoti. Spectrum haina swichi ya umeme, kwa hiyo chomoa waya wa chaja kwanza. Kila mara! Hata kama unataka kusogeza konekta kidogo tu.

Washa, andika:

10 PRINT AT 0,0;IN 31;"  "
20 GO TO 10

Jostiki ikitulia, 0. Kulia 1, kushoto 2, chini 4, juu 8, kufyatua 16. Juu na kufyatua pamoja, 24. Ukiona 255 au namba zinazorukaruka, 240 haifunguki, anza na waya wa IORQ. Ukiona 31 bila kugusa kitu, rezista zako hazijafika kwenye volti 5. Ikibaki 0 hata ukibonyeza, pini 8 haina graundi.