Kukaa kike Aceh

Asalaam aleikum nyote huko nyumbani, Unguja, Pemba na bara. Nipo Banda Aceh, ncha ya kaskazini ya Sumatra, na leo nataka tuzungumze mkao wa kwenye pikipiki.

Kwetu mnajua. Mwanamke wa buibui akipakiwa kwenye vespa, hukaa kike, miguu upande mmoja, pindo amelikamata mkononi lisiingie kwenye gurudumu. Hatukuandikiwa na mtu.

Huku, Januari 2013, meya wa mji wa Lhokseumawe alitoa waraka: mwanamke akipakiwa asikae kiume. Alisema analinda sharia, na mila za Waaceh pia. Aceh ndiyo mkoa pekee wa Indonesia wenye sheria za jinai za Kiislamu, na ina askari wake wa kuzisimamia, Wilayatul Hisbah.

Ya sharia nawaachia masheikh. Mimi limenichoma hilo neno mila.

Maana nilialikwa harusini, na bibi harusi kavaa nini? Suruali! Nyeusi, pana, kwenye vifundo imetariziwa nyuzi za dhahabu, na juu yake kafunga nguo iliyoishia magotini. Nikaishika pindoni, nzito ile! Mama mmoja jirani yangu akaniambia, mwanangu, hili ndilo vazi letu tangu enzi za mabibi.

Na mabibi wenyewe ni hawa. Malahayati, mwanamke, alikuwa amirijeshi wa majini. Mholanzi Cornelis de Houtman, nahodha wa merikebu za biashara, alifia Aceh mwaka 1599 akipigana na jeshi la Malahayati. Kisha 1641 hadi 1699 kiti cha usultani kilikaliwa na wanawake wanne mfululizo, wa kwanza Safiatuddin. Nchi hii hii wanayoiita Baraza ya Makka! Basi anayetaka kulinda mila ya Aceh aanze na hao, wala asituambie mwanamke wa Kiaceh kazi yake ni kukalishwa upande. Nami ni Muislamu, hijabu yangu naipenda, ndiyo maana naumia nikiona dini inabebeshwa amri ya ofisi ya mji.

Harusi ilipokwisha, yule mama akasema nikupeleke. Akawasha pikipiki yake, kakaa kiume, maana dereva hukaa vipi tena? Barabara ina mashimo, na ukikaa kike huna pa kubana miguu. Nikamshika kiuno. Lakini nilikaa kike, kwa mazoea ya kwetu, na hakuna aliyeniamrisha.