Magome ya mkorosho: usiyachome, yatoe tanini kwanza

Haya wapendwa, karibuni tena. Leo nipo Newala, nyuma ya nyumba. Rundo hili mnaloliona ni magome ya mikorosho tuliyopogoa baada ya msimu. Siku zote huishia jikoni na kuni zake. Leo tutayatoa tanini kwanza, ile dawa ya kutengenezea ngozi isioze.

Ukila bibo, ulimi unashikwa na ule ukakasi, si ndiyo? Hiyo ndiyo tanini. Na wazee wa pwani wakiita chai kavu “mkandaa”, wanautaja mti wa mikokoni ambao gome lake linatoa rangi hiyohiyo. Ila mikoko tuiache, inalindwa na sheria. Na mkorosho ulio hai usiuchune: ukimaliza mzunguko, chakula hakishuki mizizini, mti unakufa umesimama.

Osha magome vizuri, maana tulipuliza salfa kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiriunga. Yaanike kivulini yakauke, kisha twanga. Nisogezee kamera hapa kwenye kinu: vipande vidogo kama hivi, visiwe vumbi, utateseka kuchuja.

Kilo moja ya magome, maji lita kumi. Sufuria iwe ya alumini au isiyoshika kutu. Mimi mara ya kwanza nilitumia karai la chuma, nikatoka na wino, mweusi tii! Hata maji ya mvua yaliyopita kwenye bati lenye kutu yataharibu rangi. Moto mdogo: mvuke unatoka, lakini maji hayatokoti. Kama una kipimajoto, nyuzi 70 hadi 80, saa moja. Chuja kwa kanga kuukuu, nayo haitarudi rangi yake, kwa hiyo usichukue ya mtu.

Magome yarudishe motoni na lita tano nyingine. Maji haya ya pili ni hafifu, usiyamwage. Ndiyo utakayoanzia na magome mapya kesho, na mengine bakiza ya ngozi.

Sasa tupime. Ute wa yai, nimeukoroga na maji kidogo. Nadondoshea… mnaona? Umechafuka kama tui, unaanza kushuka chini. Tanini imeukamata ute, na ngozi ya mbuzi itaikamata vivyo hivyo.

Ukitaka kuhifadhi, mimina kwenye sinia, funika na chandarua, anika juani mpaka igande ukoko, ukwangue. Ikikaa chupani nyepesi, inaota ukungu. Si ya kunywa.

Kwenye ngozi ndipo wengi wanapokosea. Ngozi iwe imeshatolewa manyoya na nyama. Anza na maji yale hafifu, kisha ongeza ukali kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ukianza na makali, juu panajifunga, ndani panabaki pabichi. Kata ukingo kwa wembe: ukiona mstari mweupe katikati, rudisha ndooni.